Kushuka Jakobsen, ufukwe mdogo wa Kigoma

Panda daladala ya Katonga kutoka Kigoma mjini, kisha malizia kwa bodaboda au kwa miguu. Beba fedha taslimu za kiingilio, maji ya kunywa na viatu vyenye soli inayoshika, maana mteremko wa kufikia mchanga ni mkali na changarawe huteleza hata kukiwa kavu.

Wahi asubuhi; kiangazi, upepo wa kusini huchafua ziwa. Maji ni maangavu ajabu, na ndiyo yanayodanganya: Tanganyika hufika kina cha mita 1,470, na chini huporomoka ghafla. Asiyejua kuogelea aishie kiunoni. Penye matete usiingie, konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia.

Miwani ya kuogelea usiiache! Kando ya mawe samaki wadogo wenye milia hukwangua mwani mbele ya macho yako.