SOMO: Mtoto mwenye Angelman avae bukta mwenyewe

Wazazi wenzangu habari zenu. Kwa wageni kwa kifupi, Angelman ni hali ya kuzaliwa nayo, inatokea pale jeni (chembe ya urithi) ya UBE3A iliyotoka kwa mama haifanyi kazi kwenye ubongo, ni adimu, kama mtoto 1 kati ya 12,000 mpaka 20,000. Wengi hawaongei, wanayumba wakitembea, kifafa kipo, usingizi shida, ila vicheko havikauki! Na asiyeongea sio kwamba haelewi, hapo ndo watu wanakosea sana.

1. Tafuta bukta yenye mpira kiunoni, pana, isiwe na zipu wala kifungo.

2. Akae kwenye kigoda, mwingize miguu, halafu asimame ameegemea ukuta. Mtoto anayepigana asidondoke hana akili ya bukta.

3. Mpandishie wewe mpaka chini kidogo ya kiuno, muingize vidole gumba ndani ya mpira, shika mikono yake na useme "vuta", neno hilohilo kila siku na bibi naye alijue, sio leo vuta kesho pandisha. Akivuta tu mshangilie hapohapo.

4. Akizoea, punguza mkono wako, halafu iache mapajani, baadae magotini. Kuingiza miguu ndo mwisho kabisa na inaweza kula miezi. Tunaanzia mwisho ili kila siku amalize yeye, ukianzia miguuni atachoka na utamalizia wewe, sasa hapo kajifunza nini?

MASWALI

Mama K: Wangu ana miaka 14, si nimechelewa?
— Hapana dada, hata watu wazima wanajifunza. Ila usimvue mbele za watu, huyo ni kijana sasa.

Baba Tatu: Akiona ndoo ya maji habari ya bukta imeisha.
— Haha wengi wao wanapenda maji kupita kiasi, basi ndoo iwe zawadi, avute kwanza ndo achezee. Bukta italowa ndio, si unapata nafasi ya kumvalisha nyingine! Ila usimuache peke yake na maji hata dakika moja, kifafa hakipigi hodi.

Shangazi wa Tanga: Alikuwa anaweza, wiki hii hataki kabisa.
— Shangazi angalia kwanza usingizi na choo, kama kimekuwa kigumu maumivu hayo hawezi kukwambia. Ukiona anaduwaa au anashtukashtuka mrekodi kwa simu umpeleke kwa daktari na hiyo video, mazoezi yasubiri.