Somo: Unahamia London? Haya ndiyo ya kujua kuhusu usalama wako

Habari za jioni wakuu. Msimu wa vyuo vya Septemba unakaribia na kila siku napokea ujumbe ule ule: "Kaka, London kuna vibaka? Nijiandaeje?" Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu, nimechoka kurudia. Naweka yote hapa, na atakayeniuliza faraghani nitamrudisha kwenye uzi huu.

Wengi mnaogopa kukabwa kichochoroni usiku. Hutokea, lakini wageni ninaowajua walioumia waliumia kwa mambo mawili: simu kunyakuliwa mchana kweupe, na hela ya chumba kutapeliwa. Hapo ndipo nitakapokaa.

1. Kabla ya safari. Piga picha pasipoti, barua ya chuo na cheti cha TB, ujitumie kwenye barua pepe.

2. Uwanja wa ndege wa Heathrow. Anayekufuata ukumbini akikuuliza "taxi?" mkatae, hata kama amevaa kitambulisho shingoni. Teksi nyeusi zina kituo chao nje na zina foleni. Gari nyingine yoyote ya kukodi kisheria lazima iwe imeagizwa kabla. Kwa nafuu panda treni ya Elizabeth.

3. Simu. Hapa nilikosea mimi mwenyewe, kwa hiyo someni taratibu.

Ilikuwa Stratford, wiki yangu ya pili, saa kumi na moja jioni, watu wamejaa. Nilisimama ukingoni mwa barabara naangalia ramani, simu nimeishika kwa mkono mmoja mbele ya kifua. Baiskeli ya umeme haina mlio. Nilihisi upepo begani, nikatazama mkono wangu: vidole vimekunjwa vile vile, simu haipo. Kijana aliyejifunika mpaka usoni alikuwa ameshafika kwenye taa za barabarani.

Simu ningenunua nyingine. Kilichoniumiza ni kwamba niliweka maisha yangu yote humo: laini ya Uingereza, laini ya Tanzania yenye M-Pesa na inayopokea namba za uthibitisho za benki, barua pepe, na njia ya kuingilia eVisa. Kadi za ukaazi zilikoma mwisho wa 2024, sasa kibali chako kiko mtandaoni, na ukitaka kukifungua unatumiwa msimbo kwa simu au barua pepe. Mwenye duka aliniazima simu yake. Nikajaribu kufungua barua pepe, ikaniambia msimbo umetumwa kwenye simu yangu. Nikataka kumpigia mtu, sikuwa na namba hata moja kichwani, si ya mama wala ya mwenye nyumba. Nilirudi kwa miguu, nauliza njia.

Halafu laini ya Tanzania. Kuirudisha kunataka alama ya kidole chako mwenyewe, huwezi kumtuma mdogo wako dukani. Nilikaa miezi saba bila kuigusa akaunti yangu ya nyumbani, mpaka niliporudi likizo.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Laini ya Tanzania ikae kwenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, na kitochi kikae chumbani, kisitoke. Eleweni kwamba simu hunyakuliwa ikiwa imefunguliwa tayari, kwa hiyo programu za benki zipe neno la siri tofauti na la kufungulia simu, na washeni kinga ya wizi, iPhone na Android zote zinayo. Bonyeza *#06#, namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu yako, itatokea, iandike kwenye karatasi pamoja na namba za watu wanne. Ukitaka kutazama ramani ingia dukani au egemea ukuta mbali na barabara, kisha irudishe mfukoni ndipo utembee.

ONYO: usimkimbize. Hujui amebeba nini.

4. Chumba. Usitume hela kwa ajili ya chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajaingia ndani. Tapeli atakupa picha nzuri na bei ya chini, atasema yuko nje ya nchi, funguo zitakuja kwa posta. Wiki mbili za mwanzo lala hosteli au bweni la chuo, utafute chumba ukiwa pale pale. Sheria ya 2019 inasema amana ya kuzuilia chumba isizidi kodi ya wiki moja, na dhamana yenyewe isizidi wiki tano kwa kodi zetu hizi za kawaida. Yaani chumba cha pauni 200 kwa wiki, dhamana isizidi 1,000. Mwenye nyumba asiyeishi humo anatakiwa kuiweka kwenye mfuko wa ulinzi uliosajiliwa ndani ya siku 30, mdai uthibitisho. Ukipanga chumba kwenye nyumba anayoishi mwenyewe, ulinzi huo wa mfuko huna, basi angalau pata risiti na maandishi.

5. Akaunti ya benki. Mtu akikuomba hela yake ipitie kwako ubaki na chako kidogo, kataa, hata akiwa Mtanzania mwenzetu. Ni utakatishaji fedha, kifungo chake hufika miaka 14.

6. Namba. 999 kwa dharura. 101 kwa yasiyo ya dharura. Ukiwa kwenye treni, tuma ujumbe 61016 kwa polisi wa reli.

7. Usiku. Kwenye basi kaa ghorofa ya chini, karibu na dereva.

MASWALI

Mtu wa Tabata: Kaka kwa kifupi, London ni salama au si salama?

Jibu: Soma uzi, mkuu.

Dada wa Mwanza: Nimesoma mpaka mwisho, asante sana. Nakuja peke yangu. Naruhusiwa kubeba spreyi ya pilipili? Na nikihisi mtu ananifuata usiku nifanyeje?

Jibu: Swali zuri sana dada. Spreyi usibebe kabisa, kwa sheria za Uingereza inahesabiwa kama silaha iliyopigwa marufuku, utashtakiwa wewe. Kisu vivyo hivyo. Unaloweza kubeba ni king'ora kidogo cha mkononi, ukivuta kinapiga kelele. Ukihisi unafuatwa usielekee kwako, maana utamwonyesha unapoishi. Ingia duka lililo wazi, kituo cha treni au hoteli, umwambie mhudumu. Na hili wengi hawalijui: ukipiga 999 kwa simu ya mkononi na huwezi kuongea, subiri uambiwe kisha bonyeza 55, watajua unahitaji msaada kweli. Ila 55 haiwaonyeshi ulipo, kwa hiyo ukipata nafasi hata ya kunong'ona, wape jina la mtaa.

Msaka Fursa: Mimi nimeshatuma pauni 600 za chumba Barking. Mwenyewe yuko Hispania, atanitumia funguo. Uzi wako unatisha watu bure, huyu ni mtu mzuri, tumeongea sana WhatsApp.

Jibu: Hatua ya 4. Simtishi mtu, nimeandika ninachokijua. Ulituma kwa njia gani?

Msaka Fursa: Kwa wakala wa kutuma pesa, jana jioni.

Jibu: Basi nenda kwa wakala sasa hivi na risiti yako. Kama huyo uliyemtumia hajaichukua, muamala unaweza kufutwa. Usimjulishe. Tukiongea hapa muda unakwenda.

Mzee wa Arusha: Polisi walikusaidia kijana wangu?

Jibu: Shikamoo mzee. Simu haikupatikana. Walinipa namba ya tukio, na hiyo ndiyo unayodaiwa na bima. Kwa hiyo ripoti hata kama umekata tamaa.

Leeds Boy: Naongezea. Koti la baridi nunueni lenye mfuko wa ndani wenye zipu. Na kuna wanaopiga simu wakijiita uhamiaji, wanataka faini hapo hapo.

Jibu: Asante kaka, nilisahau hilo. Kateni simu, hata kama namba inaonekana ya serikali. Wakijifanya benki, kata upige 159, utaunganishwa na benki yako halisi, karibu benki zote kubwa zimo.

Dada wa Mwanza: Swali la mwisho. Kitochi kitashika mtandao huko? Nimesikia wanazima.

Jibu: Kilichozimwa ni 3G. 2G bado ipo kwa baadhi ya mitandao, ila haitadumu, wamekubaliana iwe imeisha ifikapo 2033. Nunua kitochi chenye 4G. Na huduma ya roaming, yaani ya kutumia laini nje ya nchi, iwashe ukiwa bado Mwanza, ujaribu kupokea ujumbe wa benki kwenye kitochi hicho kabla hujafunga begi.