Programu inagoma kuingia kwenye Windows ya zamani? Soma erro kwanza kabla hujachoma bando

Juzi dogo mmoja wa chuo kaniletea laptop, anasema Python (lugha ya kuandikia programu) imegoma kuingia, kaishusha mara 3 akidhani faili linakuja bovu, bando la wiki limeishia hapo. Faili halikuwa na shida yoyote. Mashine ina Windows 7 na yeye anashusha Python mpya kabisa, na Python kuanzia 3.9 haitaki kuisikia Windows 7, ya mwisho kuikubali ni 3.8. Hapo hata ushushe mara 20 ni kazi bure.

Kwa hiyo cha kwanza jua una Windows gani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kitakuja kiboksi, andika winver halafu piga Enter. Kwa wenye Windows 7 angalia namba ya Build: ukikuta 7601 na maneno Service Pack 1 uko vizuri, ukikuta 7600 hiyo ni ile ya 2009 haijawahi kuguswa, na programu kibao zitakugomea hata zile zilizoandikwa zinakubali Windows 7, maana wenyewe wanamaanisha yenye hiyo Service Pack 1 (SP1), kifurushi cha maboresho ya Windows. Faili la kuweka SP1 linaitwa KB976932, la biti 64 ni kama MB 900 hivi, tafuta wifi ya mtu 😄

Na biti nazo uangalie, maana kuna Windows ya biti 32 na ya biti 64. Raiti kliki kwenye Computer, nenda Properties, soma System type. Ukiambiwa kitu "is not a valid Win32 application" mara nyingi umeshusha setapu ya biti 64 na mashine yako ni ya 32, au faili limekatikia njiani. Rudi uchukue iliyoandikwa x86, ndo ya biti 32.

Sasa erro inayotesa watu ni hizi za dll (mafaili ya msaada ambayo programu inayategemea ili ifanye kazi), kwa sababu zinafanana majina ila dawa zake ni mbali mbali. Ukiona inalia inataka api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll, hiyo inatibika, kuna apdeti ya Microsoft inaitwa KB2999226, iweke (lazima uwe na SP1), washa mashine upya, mchezo umeisha. Lakini ukiona api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll, pole, hiyo imekuja na Windows 8, kwenye 7 haipo na Microsoft hawajawahi kuileta. Wanaotumia Blender (programu ya kuchora 3D) kuanzia 2.93 kwenye Windows 7 wanaijua vizuri hii. Tofauti ni crt na core-path tu, ndo maana nasema soma mpaka mwisho, usibonyeze OK haraka haraka kama unafukuzwa.

Na tafadhali usiende kwenye zile saiti za kushusha dll moja moja ukaenda kuibandika System32 (folda la Windows lenyewe). Wengine wanakupa kirusi, na hata ikiwa safi inaanza kudai nyingine, ukiipata hiyo inadai nyingine tena. Ile Compatibility mode nayo haisaidii hapa, zaidi inaidanganya programu namba ya Windows, haileti kitu ambacho hakipo.

Ukishajua Windows ndo tatizo una njia mbili. Chukua toleo la zamani linalokubali: Chrome mwisho ni 109, Firefox chukua 115 ESR (toleo linalotunzwa muda mrefu), Python chukua 3.8.10 maana zilizofuata za 3.8 hazikutoka na setapu ya Windows. Kumbuka tu kwamba kitu cha zamani kina matundu ya usalama, mambo ya benki usifanyie huko.

Njia ya pili ni kupiga mfumo mpya. Kopi mafaili yako kwanza kwenye flashi au diski ya nje, sio Desktop kwenda My Documents, nimeshaona mtu kafanya hivyo na vyote vikaondoka. Windows 11 inataka RAM GB 4, nafasi GB 64 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), laptop za enzi ya Windows 7 nyingi hazina hicho cha mwisho. Windows 10 inaingia kwenye mashine nyingi ila apdeti zake za kawaida zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Yule dogo nilimwekea 3.8.10 akaondoka anacheka, kesho yake karudi. Kodi za mwalimu zinatumia amri ya match, na match imekuja na Python 3.10. Basi tukahamisha mafaili yake yote, nikampigia Linux Mint 22 (mfumo mwingine wa bure, sio Windows) niliyokuwa nayo kwenye flashi, Python 3.12 imo humo humo, kodi ikakubali mara ya kwanza. Nikasubiri shukrani. Yeye anauliza, bro, Word iko wapi?