Pima kwanza, ndipo ulipie kozi

Kama una wafanyakazi hapa Nairobi, kabla ya kulipia kozi yoyote andika hesabu moja ambayo kozi hiyo inapaswa kuibadilisha. Moja tu. Kwa gereji ya Industrial Area, inaweza kuwa magari yanayorudishwa na hitilafu ile ile ndani ya mwezi; kwa duka la jumla Kamukunji, risiti zilizokosewa. Chukua takwimu za miezi mitatu kabla na mitatu baada. Ukiweza, peleka nusu ya timu kwanza, ili nusu iliyobaki iwe ya kulinganisha. La sivyo, mauzo yakipanda Desemba utaisifu kozi kwa kazi ya msimu. Vyeti ukutani havithibitishi kitu.

Aliyerudi apewe kazi ya kutumia alichojifunza wiki hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Halafu ile tozo ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ambayo mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi: omba idhini yao kabla mafunzo hayajaanza, utumie mkufunzi waliyemsajili, na unaweza kurudishiwa sehemu ya gharama.