Somo: Kipimo cha CA-125 hatua kwa hatua, kabla hujatuma picha ya karatasi yako

Salamu kutoka Kisumu. Kila wiki nafungua kikundi nakuta picha ya karatasi ya maabara, mstari mmoja umezungushiwa kalamu nyekundu, na swali ni lile lile: "CA-125 yangu iko juu, ni kensa?" Mimi kazi yangu ni maabara, na swali hili huniuma kwa sababu anayeuliza mara nyingi hajalala usiku huo. Leo naandika yote pamoja. Nikikujibu "soma hatua ya 4", usinione mkavu.

Kwanza jua kinachopimwa. CA-125 ni protini ya kwenye damu ambayo mara nyingi hupanda mtu akiwa na saratani ya ovari. Mashine haitafuti seli za saratani. Inatumia kingamwili monokloni, yaani kingamwili za ukoo mmoja wa seli za panya, zote sawa, zinazotambua sehemu moja tu ya protini moja. Kingamwili ya kwanza huikamata CA-125, ya pili yenye alama ya mwanga huishika upande mwingine, kama samaki mbuta anayeshikwa kichwa na mkia. Mwanga ukiwa mwingi, protini ni nyingi. Lakini protini hiyo hutoka pia kwenye utando wa kawaida wa tumbo, mapafu na mfuko wa uzazi. Chochote kinachousumbua utando huo huipandisha namba.

Hatua ya 1. Anza na dalili. Tumbo kujaa au kuvimba, kushiba upesi, maumivu ya nyonga, haja ndogo ya mara kwa mara. Zikiwa mpya na zinakujia zaidi ya siku 12 kwa mwezi, nenda kwa daktari, hasa ukiwa umevuka miaka 50. Usimeze dawa za vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi.

Hatua ya 2. Chagua siku. Usipime ukiwa kwenye hedhi kama jambo linaweza kungoja. Ukiwa mjamzito, sema. Kufunga kula si lazima.

Hatua ya 3. Taja dawa zako. Vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini nyingi huvuruga baadhi ya mashine, namba ikatoka chini kuliko ilivyo. Hili ni baya kuliko namba ya juu, maana unarudi nyumbani umetulia.

Hatua ya 4. Maabara moja, mashine moja. Hapa ndipo watu wanaumia. Mama mmoja alikuwa anafuatiliwa baada ya upasuaji na dawa za kensa. Nakuru alipata 28. Akahamia kwa bintiye huku Kisumu, akapima kwingine, ikaja 41. Familia ikaanza kuchanga, shamba likatajwa. Tulipoziweka karatasi mbili mezani, chini kabisa, kwa maandishi madogo, kila moja ilitaja mashine tofauti. Damu ikapelekwa kwenye maabara ile ya Nakuru: 27. Hakuna kilichokuwa kimepanda.

Kampuni zinazotengeneza vipimo hivi hazitumii jozi moja ya kingamwili, wala hazipangi mizani yao sawasawa. 41 ya mashine hii si 41 ya mashine ile. Kwa hiyo:
- Usichanganye namba za maabara mbili kwenye mstari mmoja.
- Piga picha karatasi nzima, pamoja na maandishi ya chini.
- Ukilazimika kuhama, omba damu ya siku moja ipimwe pande zote mbili, uanze hesabu mpya.
- Maabara ileile nayo hubadilisha mashine. Uliza kila mara.

Hatua ya 5. Ultrasaundi. Ya nyonga, ikiwezekana ya kupitia ukeni. Bila hiyo, namba haina mwenzake.

Hatua ya 6. Unganisha. Mpaka wa kawaida ni yuniti 35 kwa mililita. Madaktari wengi hutumia hesabu iitwayo RMI, ya kukadiria hatari ya uvimbe kuwa saratani, iliyotolewa Uingereza mwaka 1990: alama ya ultrasaundi, mara alama ya hedhi, mara CA-125. Ultrasaundi ikiwa safi ni 0, kasoro moja ni 1, mbili au zaidi ni 3. Kasoro ni kama uvimbe wenye vyumba vingi, sehemu ngumu ndani yake, uvimbe pande zote mbili, au maji tumboni. Kama bado unapata hedhi ni 1, imeshakoma ni 3.

Chukua namba 60. Msichana wa miaka 28 mwenye kasoro moja: 1 × 1 × 60 ni 60. Mama wa miaka 61 mwenye kasoro mbili: 3 × 3 × 60 ni 540. Wengi huweka mpaka kwenye 200 au 250. Huyo mama anahitaji daktari bingwa wa saratani za wanawake upesi, na yule msichana anahitaji kuangaliwa bila kuogopeshwa. Namba yao ni moja.

Hatua ya 7. Jibu la mwisho hutoka kwa patholojia, kipande cha uvimbe kikiangaliwa chini ya darubini. Hakuna karatasi ya damu inayochukua nafasi hiyo.

MASWALI

Mama Wawili, Nakuru: Yangu ni 47. Nisaidieni jameni.

Jibu: Umri? Hedhi? Ultrasaundi inasemaje? Hatua ya 5 na ya 6.

Mama Wawili, Nakuru: Miaka 34, nilikuwa siku ya pili ya hedhi. Ultrasaundi imeonyesha fibroidi mbili, ovari safi.

Jibu: Asante dada, sasa tunaweza kuongea. Hedhi peke yake inaweza kuipandisha, fibroidi nazo pia. Mpelekee daktari karatasi zote mbili, muulize kama kuna haja ya kurudia ukishamaliza hedhi. Ukirudia, rudi maabara ileile.

Kipusa wa Kondele: Mimi pap smear yangu iko sawa so ovari ziko sawa, sina haja na haya yote.

Jibu: Hapana. Pap smear inaangalia mlango wa kizazi. Ovari haizigusi.

Kipusa wa Kondele: Nimeuliza tu, usikasirike.

Jibu: Hukuuliza, ulisema. Na mwingine angesoma akakuamini, akakaa na tumbo linalovimba. Ndiyo maana nimejibu haraka.

Mwalimu wa Kakamega: Naomba kuelewa zaidi. Kingamwili zote zinafananaje, na kwa nini panya?

Jibu: Mwalimu, swali zuri. Panya akidungwa kitu kigeni, mwili wake hutengeneza kingamwili za kila namna, na kila seli hutengeneza ya aina yake. Shida ni kwamba seli hizo hazidumu nje ya mwili. Mwaka 1975 kule Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya wengu la panya na seli ya saratani ya damu isiyochoka kuzaana. Wakapata seli inayozaana bila kukoma na kutoa kingamwili moja tu. Mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Kundi la Robert Bast kule Boston likadunga panya seli za saratani ya ovari, likachambua seli moja moja, na mwaka 1981 likatangaza kingamwili iitwayo OC125. Jina la CA-125 limetoka hapo. Kipimo cha damu kikafuata mwaka 1983. Mgonjwa aliyewahi kutibiwa kwa kingamwili za panya anaweza kuwa na kinga dhidi yake, nayo huvuruga kipimo, kwa hiyo hilo pia hutajwa maabara.

Nyar Ahero: Mbona tusipime wote kila mwaka, tuzuie mapema?

Jibu: Natamani ingekuwa hivyo. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo ya 2021 hayakuonyesha kwamba kupima wasio na dalili kunapunguza vifo. Marekani nao waliona vivyo hivyo mwaka 2011, na wanawake wengine walifanyiwa upasuaji ambao hawakuuhitaji. Karibu nusu ya saratani za hatua ya kwanza hazipandishi CA-125, kwa hiyo namba ya chini nayo isikulaze ukiwa na dalili. Kama mama, dada au shangazi wamepata saratani ya ovari au ya matiti, muulize daktari kuhusu jeni za BRCA, ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani hizo na hurithiwa. Hapo unaanza mapema kweli.

Baba Imani: Mke wangu tumbo limejaa maji, CA-125 ni 600 na kitu. Tumeambiwa tujiandae. Anakohoa na amekonda.

Jibu: Pole sana baba. Msikate tamaa kabla ya maji hayo kupimwa. TB ya tumbo hujaza maji na kupeleka CA-125 kwenye mamia, na sura yake kwenye ultrasaundi hufanana na saratani. Ombeni makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB, maji yatolewe yaangaliwe seli na TB, na kama bado haijulikani, kipande cha utando kikatwe kwa patholojia. Inaweza kuwa saratani, siwezi kukuficha. Lakini TB ina dawa na matibabu yake ni bure hospitali za serikali, kwa hiyo isiachwe bila kutafutwa. Na kikohozi hicho, watoto nao wachunguzwe.

Baba Imani: Hakuna aliyetutajia TB. Kesho asubuhi tunarudi.

Shosho Njoro: Bei ni ngapi?

Jibu: Hutofautiana. Piga simu maabara, na uliza SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa nini kabla damu haijatolewa.

Mama Blessing: Binti yangu ana miaka 15, uvimbe kwenye ovari, CA-125 ni 22. Tumshukuru Mungu tuache?

Jibu: Msiache, mama. Kwa umri wake uvimbe mwingi si saratani, lakini ikiwepo mara nyingi ni ya seli za mayai, ambayo CA-125 haiioni vizuri. Mwombe daktari aongeze vipimo vya damu vya AFP, beta-hCG na LDH. Aina hizo hutibika vizuri hata zikikutwa zimeenea, na mara nyingi ovari moja hubaki. Vipimo hivyo vitatu vifanyike kabla ya upasuaji, maana baada ya uvimbe kutoka, namba ya kuanzia inakuwa imepotea.