Ditekta imelia, umechimbua usichokijua: ngoja kwanza kukisugua

Kazi yangu ni kutafuta bikoni, zile alama za mipaka ya mashamba. Huku Luanda na Emuhaya, magharibi mwa Kenya, mashamba yamegawanywa hadi ndugu wanagombania hatua mbili za udongo, na mpima ardhi akija hutaka kwanza kuona pini za chuma zilizozikwa na waliomtangulia. Ndipo naitwa mimi na ditekta yangu, mashine inayolia ikipita juu ya metali. Pini zenyewe siku nyingine hazionekani, lakini mfuko wangu haurudi mtupu: misumari, vijiko, vizibo vya soda, na mara mojamoja kitu ambacho hakuna mtu bomani anayekijua.

Mwaka jana, kwenye boma moja karibu na reli ya Butere, mashine ililia chini ya mparachichi. Ilikuwa sauti ya juu, safi, si ule mkoromo wa chuma chenye kutu. Nikafukua kwa mwiko wa fundi (sururu iache nyumbani, ndiyo huvunja vitu) na kina cha mkono mmoja hivi nikaona ukingo wa kijani. Hapo nikaacha kuchimba.

Anza hapo hata wewe. Kabla hujakiinua, piga picha kikiwa shimoni, na kando yake uweke sarafu ya shilingi kumi ili ukubwa ujulikane. Andika kina, na uandike kilichokuwa karibu nacho. Mimi niliona vipande vya mnyororo mwembamba nikataka kuvitupa kama takataka. Vipande hivyo ndivyo vilivyokuja kunisaidia zaidi.

Ukikuta nondo imesimama wima ndani ya saruji, hiyo ni bikoni. Ifukie, kuing'oa ni kesi. Na ukikuta kitu chenye umbo la yai au la risasi kubwa, kizito kuliko kinavyoonekana, usikiguse kabisa. Weka alama kwa mbali, fukuza watoto, ita polisi.

Sasa kusafisha. Miaka ya nyuma niliokota senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati na pembe za ndovu, nikaitumbukiza kwenye maji ya betri ing'ae. Iling'aa kweli. Mwaka na jina la mfalme vilikwenda na uchafu. Baadhi ya zile za 1936 zina jina la Edward VIII, mfalme aliyekaa kitini chini ya mwaka mmoja, na sitajua kamwe kama yangu ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo hakuna ndimu, hakuna soda, hakuna steliwaya. Shaba ioshe kwa maji matupu na mswaki laini wa mtoto, ikauke kivulini. Chuma usikiloweshe, pangusa udongo kikavu.

Kisha tumia sumaku, hata ile ya spika iliyokufa. Ikinasa, una chuma. Isiponasa, fikiria shaba, risasi, fedha au aluminiamu. Kisanduku changu hakikunasa. Kilikuwa bapa, ukubwa wa pakiti ya sigara iliyokandamizwa, chenye masikio mawili juu. Nilikuwa na hakika ni kopo la ugoro.

Alama zitafute usiku. Zima taa, laza tochi ya simu karibu na kitu ili mwanga upite ubavuni, na herufi usizoziona mchana zitajitokeza. Kwenye vyuma vya reli huku kwetu herufi hizo ni kalenda. UR ni Uganda Railway, iliyofika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901. KUR ni Kenya and Uganda Railway, baada ya jina kubadilishwa katikati ya miaka ya 1920. EAR, East African Railways, inaanzia 1948. Lakini muhuri unakwambia kitu kilitengenezwa lini, haukwambii kilipotea lini. Taruma la UR, kile chuma cha kulalia reli, linaweza kuwa lilishikilia paa la banda la kuku hadi juzi.

Kama hakuna alama, tazama kazi ya mkono. Jembe lisilo na muhuri, lenye makovu ya nyundo na unene usiolingana, laweza kuwa la wahunzi kama wale wa Samia, waliokuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe. Parafujo yenye msalaba kichwani haiwezi kuwa ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kisanduku changu hakikuwa na herufi hata moja, basi nikakipeleka kwa kukhu (ndivyo tunavyomwita bibi) mwenye boma. Hapa kuna ufundi. Ukimwuliza mzee, "Kukhu, hili si kopo la ugoro?" atakuitikia tu kwa adabu. Mpe mkononi, kisha nyamaza. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye masikio, halafu akainamisha shingo kama mtu anayevishwa mkufu.

"Hii ilikuwa ya wanaume," akasema. "Baba alikuwa akifika nyumbani anaivua kwanza, anaitundika kwenye msumari, ndipo anaomba maji."

Kipande! Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita: kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 abebe karatasi yenye alama za vidole, mwajiri na mshahara wake, ndani ya kisanduku cha metali kinachoning'inia shingoni. Ule mnyororo nusura niutupe.

Kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kwa sheria ni mali ya kale: una siku 7 za kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa, na kuchimba vitu kama hivyo kwa makusudi kunataka leseni. Kisumu wana makavazi, Kitale pia, na Nakuru kuna Hyrax Hill. Kipande ni cha baadaye, kwa hiyo kilibaki kwa kukhu.

Kifuniko hatujakifungua. Vijana wa boma walileta bisibisi mara mbili, na mara mbili nikaificha mfukoni mwangu. Kama karatasi bado imo, itafunguliwa na mtu wa makavazi mwenye mikono mitulivu kuliko yangu.