Ninavyoandaa tafakari ya kila siku kwa jumuiya yenye wavuvi

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista hapa Kigoma mjini. Jumuiya yetu ndogo ndogo ina wavuvi, akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi, na vijana wachache wa bodaboda. Kila alfajiri huwatumia tafakari fupi ya masomo ya Misa kwenye kundi letu la WhatsApp, na makatekista wenzangu huniuliza naiandaaje. Nitaeleza kwa kufuata siku moja, Alhamisi ya tarehe 5 Septemba 2024, kwa sababu siku hiyo mwanafunzi alikuwa mimi.

Hatua ya 1: Hakikisha masomo ni ya siku hiyo

Shika kalenda ya liturujia ya mwaka huu, si ile ya zamani iliyobaki ukutani. Katika majuma ya Mwaka, yaani nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka, somo la kwanza la siku za kazi huenda kwa mizunguko miwili: miaka kama 2025 ni mwaka wa I, miaka kama 2024 na 2026 ni mwaka wa II. Injili ni ileile kila mwaka: Marko juma la 1 hadi la 9, Mathayo la 10 hadi la 21, Luka la 22 hadi la 34. Kwa hiyo ukikosea mzunguko, Injili haitakushtua. Niliwahi kutuma tafakari ya Wakolosai, kumbe padre altareni anasoma Wakorintho. Walionisamehe upesi ni wale ambao hawakufika Misa.

Hatua ya 2: Anza na Injili ya jana

Watu wengi huiruka hatua hii. Injili za siku za kazi hufuatana kama hadithi moja, na ukichomoa kipande utakisoma vibaya. Alhamisi ile ilikuwa Luka 5:1-11, Petro na nyavu zake: amekesha bila kupata kitu, na Yesu anamwambia azishushe tena. Lakini Jumatano tulikuwa tumesoma Yesu akimponya mkwewe Petro homa. Basi Yesu anapopanda mtumbwini, Petro si mgeni kwake. Anamtii mtu ambaye tayari ameingia nyumbani mwake.

Hatua ya 3: Soma mara tatu, shika mstari mmoja

Soma jioni, mara moja kimya, mara moja kwa sauti, kisha sali na usome tena polepole. Mmonaki Guigo II aliandika njia hii katika karne ya 12 kama ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele ya Mungu. Mimi kidato cha nne mara nyingi hunikuta nimesinzia. Usitafute mstari mzuri, tafuta unaokukwaza. Mimi nilishika: "kwa neno lako nitazishusha nyavu."

Hatua ya 4: Muulize mwenye kazi yake

Nilikuwa nimeshaandika kwamba tufanye bidii, tusikate tamaa. Kabla ya kutuma nikampitia mzee mmoja mvuvi, nikamsomea. Akacheka.

"Mwalimu, hao walikuwa wamekesha. Bidii gani tena unawataka?"

Kisha akaniuliza, wakati Yesu anasema zishusheni nyavu, ilikuwa saa ngapi? Nikatazama: wavuvi wapo ufukweni wanaosha nyavu. Kumekucha. Akaniambia, dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali mtu hulala nyumbani. Sasa fundi seremala anakuja mchana kukwambia urudi majini, na nyavu umeshaziosha. "Petro alijua kazi yake. Ndiyo maana ilimuuma."

Nilifuta yote. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefunguliwa wiki tatu tu nyuma, baada ya kufungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, na mimi nilitaka kuwahubiria bidii watu waliokaa miezi mitatu bila kazi yao. Tangu hapo Injili ya shamba naipeleka kwa mkulima, na ya chachu kwa mama wa maandazi.

Hatua ya 5: Andika kwa "sisi"

Maneno 120 yanatosha. "Ninyi" ni neno la hatari. Niliwahi kuandika juu ya masengenyo wiki ileile tuliyogombana kwa ajili ya michango. Kila mtu alijua namlenga nani, na mama yule hakuonekana jumuiyani miezi miwili. Ugomvi una njia yake, nenda nyumbani kwa mtu. Na pale Maandiko yanapogusa fundisho usilolimudu, muulize paroko kwanza.

Hatua ya 6: Toa tendo moja la kufanyika kabla ya jua kuzama

"Tumtegemee Mungu" si tendo. Siku ile niliandika hivi:

"Petro alikuwa amechoka, nyavu amekwisha kuziosha, na aliyemwambia arudi hakuwa mvuvi. Sisi pia tuna jambo tulilolijaribu hadi tukaliosha na kulikunja: mtoto asiyesikia, ndugu tusiyesemezana naye. Leo, mara moja tu, tulirudie kwa sababu Yeye amesema, si kwa sababu tunaona dalili. Bwana, ingia mtumbwini mwetu. Amina."

Hatua ya 7: Tuma kwa sauti

Rekodi kwa sauti isiyozidi dakika mbili, maana bando ni pesa na wengine mikono yao ina magamba ya samaki, hawawezi kushika simu wasome. Mimi hutuma saa kumi na moja alfajiri, kabla mitumbwi haijafika Kibirizi. Mzee yule huisikiliza akiwa bado majini, mtandao ukimfikia, na nikikosea jambo la uvuvi hunipigia kabla sijanywa chai.